Reli ilipokwama ndipo mji ulipoota

Mgeni akija Tanga simpeleki mapango ya Amboni kwanza. Namsimamisha relini, mgongo kaupa bahari. Nyuma yake kuna bandari na majengo ya Mjerumani. Mbele yake Ngamiani, barabara zake zimepewa namba na kunyooshwa kama mistari ya daftari. Reli imekaa katikati kama mpaka wa shamba. Kazi yangu ni historia ya makazi, na mkoa huu nausoma kwa kuanzia hapo.

Ujenzi wa reli hii, kutoka Tanga kwenda Moshi, ulianza mwaka 1893. Mwaka 1896 reli ikafika Muheza, kilomita kama 40 tu, fedha zikakauka. Serikali ya kikoloni ikaichukua kutoka kwa kampuni mwaka 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911.

Itazameni orodha hiyo tena. Muheza, Korogwe, Mombo: kila reli ilipokwama, mji uliota. Mwisho wa reli ndipo mizigo inaposhushwa, wapagazi wanapolala, mwenye duka anapofungua duka na mama lishe anapoinjika chungu. Wakati reli inasonga mbele, watu wameshajenga. Buiko nayo iliwahi kuwa mwisho wa reli, lakini kwa miaka miwili tu, na nadhani muda huo haukuitosha.

Mombo, chini ya milima ya Usambara, ndiyo inayonivutia zaidi. Wasambaa walikaa juu milimani, kwenye mvua na migomba, na makao ya wafalme wao yalikuwa Vuga. Bondeni kulikuwa nyika: joto, homa na hofu ya wavamizi. Wapo wanaosema reli ndiyo iliyowashusha watu. Sikubaliani nao moja kwa moja, maana Semboja wa ukoo wa Kilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, alishajiwekea makao Mazinde, chini kabisa, akiifuata biashara ya misafara. Ila msafara hubadili njia mtawala akianguka. Stesheni haihami, na injini ya mvuke lazima isimame inywe maji. Mazao ya Lushoto yakawa yanateremkia Mombo, na bado yanateremkia huko, siku hizi kwa lori.

Kisha mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ikapona miche 62, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Lakini singa, yaani nyuzi za mkonge, ni mzigo mzito, hivyo mashamba mengi yakaifuata reli, nayo yakawa na kambi za manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali. Ukiwauliza watu wa vitongoji vya Muheza na Korogwe kwao ni wapi, usishangae kutajiwa Kigoma, Njombe au Msumbiji.

Pangani ndiyo iliyoumia. Misafara ya Kilimanjaro ilianzia pale, pembe za ndovu zikashukia pale. Mto unaopita Korogwe bado unamwagikia Pangani, lakini tangu 1902 mzigo wa Korogwe ulipanda treni kwenda Tanga.