Mbu hajazoea dawa

"Mbu wa siku hizi wameshaizoea dawa ya neti." Kauli hii huwa naisikia nikienda kuchota viluwiluwi kwenye majaruba ya mpunga, na wanaoniambia wanasema walichokiona: mbu anatua kwenye chandarua, anatembea juu yake, anaruka zake. Ninachokipinga ni neno kuzoea. Mtu huzoea pilipili kwa kuila kidogo kidogo. Mbu yeye huzaliwa na kinga, au huzaliwa bila kinga.

Tazama jaribio letu. Nachukua mbu jike 25 wa siku tatu hadi tano, ambao hawajanyonya damu, nawaingiza kwenye bomba la alama nyekundu lenye karatasi iliyotiwa dawa. Saa moja tu. Kisha nawahamishia bomba la kijani, na pamba ya maji ya sukari juu yake. Kesho yake nahesabu maiti. Wakifa chini ya asilimia 90, mbu wa eneo lile ni sugu. Waliobaki wamesimama hawakujifunza chochote usiku ule, walikuja hivyo.

Dawa nyingi za vyandarua ni pairethroidi, zilizoigwa kutoka kwenye pareto. Huung'ang'ania mlango wa sodiamu, yaani tundu linalopitisha sodiamu kwenye neva za mbu, usijifunge, mdudu akatetemeka mpaka akaanguka. Sasa jeni ya mlango huo inaponakiliwa, mara chache sana herufi moja hukosewa. Kosa hilo halijui kama kuna dawa duniani. Lakini likiangukia nafasi ya 1014 ya protini ya mlango huo, asidi amino ya leusini ikawa fenilalanini au serini, dawa haishiki tena vizuri. Asiye na kosa hilo anakufa kabla ya kutaga, aliye nalo anajaza dimbwi mayai. Huo ndio uteuzi wa asili. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, hugonga mlango ule ule, kwa hiyo uteuzi huu ulianza kabla ya vyandarua vyenye dawa.

Ila si kila kinachoenea kimeenea kwa ubora wake. Mwaka 1962 nzi wang'atao waliwaua simba wengi wa Kreta ya Ngorongoro, wakabaki kama kumi. Madume wachache waliingia baadaye, na kwa miaka mingi simba wote wa kreta walikuwa uzao wa waanzilishi 15. Vinasaba vilivyopotea havikuwa vibaya. Vilikuwa tu kwenye miili ya waliokufa. Huo ni mserereko wa vinasaba, yaani vinasaba kupotea au kuenea kwa bahati tu, na katika kundi dogo kama lile hulemea hata uteuzi. Mbu ni mamilioni, kwa hiyo kwao uteuzi ndio unaotawala.

Na uteuzi huo ndio tunaopambana nao. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, dawa ya aina nyingine, viliwakinga watoto na malaria kuliko vya pairethroidi pekee. Matokeo yalichapishwa 2022. Klofenapiri haigusi mlango wa sodiamu, huzima nishati ndani ya seli. Huua polepole, hivyo hesabu yangu ya maiti sasa inakwenda hadi saa 72. Wanaobaki hai nawahifadhi mmoja mmoja, kila mmoja na kichupa chake na namba yake.