Vimelea wa chaza: yanayosemwa na yanayoonekana kwenye hadubini

“Chaza mgonjwa unamjua kwa macho tu.”

Nyama iliyosinyaa na kujaa maji, tezi ya chakula iliyopauka, kombe linalokawia kufunga ukiligusa: dalili hizo ni za kweli, ila hazikutajii kimelea. Chaza aliyemaliza kutaga hukonda vivyo hivyo, na aliyekosa chakula kadhalika. Tena wengi wenye Bonamia ostreae, kimelea aliyewamaliza chaza bapa wa Brittany, Ufaransa, tangu 1979, huonekana wazima kabisa. Kazi ya macho ni kuchagua wa kupimwa. Tanguliza wale wanaoachama lakini bado wako hai. Aliyekwisha kunuka muache, maana tishu zimeoza na bakteria watakuvurugia kila kipimo.

“Dermo ni ukungu.”

Kosa hili lina asili yake. Mwaka 1950 kimelea huyu wa Ghuba ya Mexico alielezwa kama ukungu, akaitwa Dermocystidium marinum. Baadaye ikabainika kuwa si ukungu bali ni kiumbe wa seli moja, na tangu 1978 anaitwa Perkinsus marinus. Jina la kazini, Dermo, likabaki.

“Kipimo cha iodini kinamaliza kazi.”

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo tukifuate kipimo chenyewe, ambacho ni cha kumtafuta Perkinsus. Kata kipande cha matamvua na cha mwisho wa utumbo, kila kimoja kama milimita 5 kwa 10. Tumbukiza kwenye kiowevu cha thioglikoleti kilichotiwa antibiotiki na nistatini, dawa ya ukungu. Ukiacha dawa hizo, bakteria na ukungu watakuwahi. Weka gizani kwenye nyuzi 22 hadi 25 za Selsiasi kwa siku 4 hadi 7. Humo Perkinsus hazaliani, bali seli zake huvimba na kujenga ukuta mnene. Kisha kikatekate kipande juu ya kioo cha hadubini, dondoshea iodini ya Lugol iliyozimuliwa, funika, ngoja dakika 10. Vimelea huonekana kama mipira ya buluu iliyokoza hadi nyeusi, mithili ya risasi za gobori zilizomwagika, huku nyama ya chaza ikibaki ya manjano na kahawia.

Sasa umejua nini? Kwamba kuna Perkinsus, basi. Kama ni P. marinus au ndugu yake P. olseni, mipira haisemi. Hilo ni la vinasaba. Na kwa Bonamia au kimelea mwingine, Haplosporidium nelsoni, kipimo hiki ni kipofu, kwa sababu hao hawavimbi humo. Kuandika “chaza hawana vimelea” kwa matokeo haya peke yake ni kumdanganya mfugaji.

Bonamia hutafutwa kwa mhuri wa moyo. Toa moyo, ukaushe juu ya karatasi ya kunyonya, ugusishe kwenye kioo mara kadhaa, acha ukauke hewani, zishikize seli kwenye kioo kwa methanoli, kisha tia rangi. Unatafuta vijiduara vya maikromita 2 hadi 5, mara nyingi ndani ya seli za damu. Ukiacha kuukausha moyo, maji huharibu seli na utabaki ukibishana na madoa.

“PCR ikiwa chanya, chaza ameambukizwa.”

PCR, kipimo cha maabara kinachozidisha vinasaba ili vionekane, huona vinasaba, haioni ugonjwa. Chaza huchuja maji mchana kutwa, na kimelea anayepita tu utumboni naye ataonekana. Uthibitisho ni kumuona ndani ya tishu. Kwa hiyo kata kipande cha mlalo, unene wa milimita 3 hadi 5, kilichopita kwenye matamvua, tezi ya chakula na viungo vya uzazi. Kiloweke kwenye kihifadhi cha Davidson, angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, kwa saa 24 hadi 48, kisha kihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Kipande cha PCR kiende kwenye ethanoli ya asilimia 95 tangu mwanzo. Friza usiiguse kwa sampuli ya kukatwa: barafu hupasua seli.

“Chaza 30 wanatosha.”

Wanatosha ugonjwa ukiwa umeenea. Ukiwa umeshika chaza 2 kati ya 100, ukipima 30 una uwezekano wa kama asilimia 55 wa kutomkuta mgonjwa hata mmoja. Ukipima 150, hushuka chini ya asilimia 5.

“Wahamishie kwenye maji yenye chumvi kidogo, watapona.”

Nusu kweli. Haplosporidium nelsoni, aliyezuka Delaware Bay mwaka 1957, hufa chumvi ikishuka chini ya gramu 10 kwa lita kwa wiki kama mbili, maji yakiwa na joto. Perkinsus hafi hivyo: hutulia, hadhuru sana, ila anaweza kubaki miaka. Ndiyo maana kuhamisha bila kumjua kimelea ni hatari, kwani unaweza kuwapeleka wagonjwa kwa wazima.

“Mtu akila chaza hao ataugua.”

Perkinsus, Bonamia na Haplosporidium hawamuambukizi binadamu. Anayeugua kwa kula chaza mbichi ashuku kwanza bakteria wa Vibrio au norovirasi, na hao hupimwa kwingine. Na kale kaa kadogo kanakokutwa ndani ya kombe? Hukwangua chakula kwenye matamvua na huweza kuyajeruhi, lakini si yeye anayeua shamba zima.