Hewa tulivu kwanza, darubini baadaye: kutazama Mwezi na sayari ukiwa nyumbani

Wengi wanaonitaka ushauri kuhusu darubini huanza kwa kulalamika kwamba wanaishi penye taa nyingi, na kwa hiyo wamekata tamaa na anga lao. Kwa anayetafuta galaksi na nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi ya mbali angani, malalamiko hayo ni ya haki kabisa. Kwa Mwezi na sayari hali ni tofauti, kwa sababu tunachokitazama ni uso unaomulikwa na Jua moja kwa moja, nao unang'aa kuliko anga la mji lilivyo kwa mbali. Inatosha kuhakikisha kwamba hakuna taa inayokupiga machoni. Wapo hata watazamaji wazoefu wanaoacha taa hafifu iwake nyuma yao wanapoitazama Mshtarii, maana jicho lililozoea giza totoro hutambua rangi kwa shida.

Kinachoamua utaona nini ni utulivu wa hewa. Hewa ya joto na hewa ya baridi hazipindi mwanga kwa kiasi kimoja, na zinapochanganyikana juu yetu, picha ndani ya darubini hutetemeka kama kokoto iliyo chini ya maji yanayotiririka. Ukubwa wa tatizo hili unapimika. Tukiigawa digrii moja katika sehemu 3,600 tunapata sekunde ya tao, na darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 100 huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban sekunde 1.2 za tao. Hewa ya usiku wa kawaida, kwa upande wake, mara nyingi huitawanya nuru ya nyota hadi sekunde 2 au 3. Katika usiku kama huo mwenye darubini kubwa anaona zaidi kidogo tu kuliko mwenye ndogo, na kuongeza ukuzaji kunakuza mtetemo pamoja na sayari. Eugène Antoniadi, mtazamaji mashuhuri wa Mirihi, alituachia kipimo cha hatua tano za utulivu wa hewa, kuanzia I, ambapo picha imetulia kabisa, hadi V, ambapo hata mchoro wa harakaharaka hauwezekani. Mimi huandika namba hiyo kabla ya kuandika chochote kingine, kwa kuwa maelezo ya usiku usiojulikana hewa yake ilikuwaje hayana thamani kubwa.

Sehemu ya fujo hiyo huanzia nyumbani kwenyewe, na hiyo ndiyo sehemu tunayoweza kuirekebisha. Paa, ukuta na sakafu ya saruji hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo darubini iliyowekwa juu ya nyasi hufanya kazi vizuri kuliko iliyowekwa juu ya saruji, na sayari iliyo juu kidogo tu ya paa la jirani inafaa isubiriwe mpaka isogee. Kutazama kupitia dirishani ni kupoteza muda: kioo cha dirisha hakikutengenezwa kwa usahihi wa lenzi, na dirisha likifunguliwa, hewa ya ndani na ya nje hupishana mbele ya darubini. Darubini yenyewe nayo inahitaji kufikia joto la nje, jambo ambalo kwa kioo cha milimita 150 au 200 huchukua nusu saa hadi saa nzima au zaidi. Kisha kuna suala la kimo. Sayari iliyo digrii 30 juu ya upeo wa macho huonekana kupitia hewa mara mbili ya ile iliyo utosini, na chini ya hapo hali huharibika upesi.

Mwezi ndio unaolipa kuliko vyote, ilimradi usiutazame ukiwa mpevu. Wakati huo nuru ya Jua huupiga kutoka upande tuliko sisi, vivuli hutoweka, na milima hubaki madoa meupe. Linalofaa kuonwa usiku huo ni miale mirefu iliyotawanyika kutoka kasoko ya Tycho. Siku nyingine zote, peleka jicho kwenye mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi, mahali ambapo Jua linachomoza au kutua. Mwinuko wa mita 300, Jua likiwa digrii 2 tu juu ya upeo wa huko, hutupa kivuli cha zaidi ya kilomita 8, na darubini ya milimita 100 hutenganisha vitu vya kama kilomita 2 juu ya Mwezi. Ndiyo sababu mwinuko ambao peke yake usingeonekana kabisa hujitokeza wazi kwa saa chache, kisha ukapotea.

Mfano ninaoupenda ni Rupes Recta, ufa wenye urefu wa kilomita 110 hivi ambao upande mmoja wa ardhi ya Mwezi umeshuka kuliko mwingine. Siku moja hivi baada ya robo ya kwanza huonekana kama mstari mweusi ulionyooka, kwa kuwa mteremko wake umelipa Jua kisogo. Karibu na robo ya mwisho mstari huohuo huwa mweupe, kwa kuwa sasa Jua linaupiga usoni. Anayeuona mara ya kwanza hudhani ni ukuta wima. La hasha, ni mteremko wa wastani tu, na ni kivuli kinachoutia chumvi.

Kwa sayari, Mshtarii ndiyo mwalimu bora. Miezi yake minne mikubwa, ambayo Galileo aliiona Januari 1610, huonekana hata kwa darubini ya macho mawili iliyotulizwa juu ya tripodi, na mikanda yake miwili ya rangi ya kahawia haihitaji zaidi ya ukuzaji wa mara 100. Kwa kuwa sayari hiyo hujizungusha kwa chini ya saa 10, ukikaa nayo nusu saa utaona alama zimehama. Kaa nayo. Mtazamaji mpya huchungulia kwa nusu dakika na kuondoka, ilhali hewa hutulia kwa vipande vya sekunde moja au mbili, na maelezo yote mazuri hupatikana ndani ya vipande hivyo. Wapiga picha hufuata kanuni hiyohiyo: hurekodi video yenye maelfu ya picha, programu ikachagua zile chache zilizonaswa hewa ikiwa shwari na kuziunganisha.

Pete za Zohali huonekana kwa ukuzaji wa mara 30 tu, ingawa mwaka 2025 zilitugeuzia ubavu zikawa nyembamba mno, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Mirihi inahitaji subira, kwani hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na nje ya majuma hayo ni kidoa kidogo. Zuhura hupungua na kujaa kama Mwezi, nayo hutazamwa vyema anga likiwa bado na mwanga. Lakini usielekeze darubini upande wake kabla Jua halijazama kabisa, au baada ya kuchomoza ikiwa ni nyota ya alfajiri, kwani Jua likiingia kwenye lenzi hupofusha papo hapo.

Chora unachokiona, hata kama huna kipaji cha kuchora, kwa sababu mkono hulilazimisha jicho kuuliza maswali ambayo lenyewe lisingeyauliza. Andika tarehe, saa ya kimataifa, ukuzaji na ile namba ya utulivu wa hewa. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua sayari ya Uranusi tarehe 13 Machi 1781 akiwa kwenye bustani ya nyumba yake mjini Bath, Uingereza, na tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mtazamaji wa ridhaa wa Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii, ambalo darubini kubwa zilithibitisha baadaye kuwa ni kovu la kitu kilichoigonga sayari hiyo. Wesley aliweza kulitambua doa lile kwa kuwa alijua sura ya kawaida ya Mshtarii, na sura hiyo mtu huijua kwa kurudi kuitazama tena na tena, zikiwemo zile siku ambazo hewa ni ya IV na hakuna jipya la kuandika.