Kabla ya Sukhoi kuna ndege ya kufundishia

Watu wa Entebbe wakisikia mngurumo juu utasikia "Sukhoi hiyo!" na ni kweli jeshi letu la Uganda lina Su-30MK2, jeti za kivita za Sukhoi ya Urusi, lakini leo mimi nataka niongelee ile jeti ndogo ya kufundishia, L-39 Albatros, maana rubani hatoki darasani akaingizwa moja kwa moja kwenye Sukhoi.

Kuna wanaodhani jeti ya kufundishia ni ndege ya vita iliyotolewa silaha. Hapana jamani. Wabunifu wanaanza na mwanafunzi, atakosea wapi, na akikosea ndege itawapa yeye na mwalimu nafasi gani ya kurekebisha. L-39 ilitengenezwa Czechoslovakia na kampuni ya Aero, mkuu wa wabunifu akiwa Jan Vlček, ikaruka mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1968. Kabla yake walikuwa na L-29 Delfin, iliyoruka 1959.

Kitu ambacho wengi hawakijui, ile ya kwanza kujengwa, X-01, haikuruka hata siku moja! Ilibaki chini inakandamizwa na kuvutwa ili waone bodi na mabawa vinabeba mzigo kiasi gani, halafu iliyopaa ni X-02. Ukiona mradi wa ndege unachukua miaka usiseme watu wamelala, pesa nyingi na muda vinaishia kwenye majaribio kama hayo na ndiyo yanaokoa roho za watu.

Injini nayo iliwatesa. Walichukua AI-25, ambayo familia yake ndo inasukuma ndege ya abiria Yak-40, wakaifanyia kazi mpaka ikawa AI-25TL, na ikabidi matundu ya kuingizia hewa yapanuliwe. Lakini walipata faida kubwa, ni injini ya tabofeni, yaani ina feni kubwa mbele inayosukuma hewa nyingine kupita pembeni ya kiini cha injini, inakunywa mafuta kidogo kuliko tabojeti ya Delfin, ambayo hewa yake yote inapita ndani ya kiini, na shule ya urubani inarusha ndege kutwa nzima kwa hiyo mafuta ndo yanaamua wanafunzi wangapi watamaliza kozi.

Siku ukipata nafasi ya kuiona kwa karibu angalia kiti cha nyuma, kimeinuliwa ili mwalimu aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi. Angalia na matundu ya hewa, yako juu ya bawa, mawe na nyasi za uwanjani zisivutwe ndani ya injini, na miguu yake ni migumu inatua hata kwenye uwanja wa nyasi. Kwa nchi zetu mimi naona hilo ni kubwa kuliko spidi.

Aero hawakuishia hapo. Toleo jipya la ndege hii, L-39NG, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 2018, ina injini ya FJ44-4M ya Williams wa Marekani, mafuta yanakaa ndani ya mabawa na yale matangi ya mafuta ya kwenye ncha za mabawa ya L-39 ya zamani yameondolewa.