Radi ya Kabare haitumwi na mtu

Kila ninapoingia katika madarasa ya mwaka wa saba na wa nane hapa Bukavu kuzungumzia hali ya hewa, swali la kwanza ni lile lile: radi iliyopiga juzi, nani aliituma? Silipuuzi swali hilo. Kuna wazee waliofukuzwa vijijini mwao kwa kusingiziwa kwamba wao ndio watumaji. Kwa hiyo, wadogo zangu, nawaandikia jibu kamili.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya sehemu zinazomulikwa na radi kuliko zote duniani, baada ya kuchambua vipimo vya setilaiti vya miaka 16. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Ya pili ni Kabare, hapa mlangoni petu: mimweko zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Sake, jirani ya Goma, nayo imo katika kumi za mwanzo. Sasa jiulizeni: watu wa Maracaibo na sisi tuna nini cha pamoja? Si wachawi. Ni ziwa la nchi za joto, na milima iliyolizunguka.

Asubuhi jua hupasha miteremko joto haraka kuliko maji. Hewa ya mlimani inakuwa nyepesi, inapanda, na ile ya ziwani yenye unyevu inakuja kushika nafasi yake. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lakini kilele cha Kahuzi kinafika mita 3,308, kwa hiyo hewa hiyo haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, mvuke wake unageuka matone, na mvuke unapogeuka matone unatoa joto linaloisukuma hewa juu zaidi. Ndiyo maana saa nane za mchana mnaona wingu limesimama juu ya Kahuzi, chini jeusi, juu jeupe pe. Usiku mambo yanageuka: milima inapoa, hewa baridi inateremka kutoka upande wetu na upande wa Rwanda, inakutana ziwani na kuinua hewa ya uvuguvugu iliyo juu ya maji. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaijua vizuri dhoruba hiyo ya usiku.

Wingu la namna hiyo hupita urefu wa kilomita 10, na huko juu ni barafu tupu, hata kama sisi tuko karibu na ikweta. Fuwele ndogo za barafu zinapanda, punje nzito zinashuka, na zinapogongana zinaachiana chaji za umeme: kwa kawaida juu ya wingu hubaki chanya, chini hasi. Ukivua fulana ya nailoni gizani mwezi wa Julai, zile cheche unazoona ni umeme wa jinsi hiyo hiyo. Chaji zikizidi kiasi, umeme unapasua njia hewani. Hewa ya kwenye njia hiyo inafika nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua, inatanuka ghafla, nasi tunasikia ngurumo.

Mwanga unafika papo hapo. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Basi ukiona mmweko, anza kuhesabu: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, ingia ndani ya nyumba imara, hata kama mvua haijaanza, na usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Linalozaa uvumi kuliko yote ni hili: ng'ombe wanakutwa wamekufa chini ya mti, na mchungaji aliyekuwa karibu nao yuko hai. Radi ikipiga mti, umeme unashuka ardhini na kusambaa, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, kwa hiyo nguvu ya umeme kwenye kwato za mbele si sawa na ile ya kwenye kwato za nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayousukuma umeme upite mwilini hadi kwenye moyo. Mchungaji miguu yake iko karibu karibu, tofauti ni ndogo. Basi ukikutwa shambani, usijikinge chini ya mti, usilale chini. Chuchumaa, miguu pamoja.

Mawingu hayo hayo ndiyo yanayomwaga mvua kubwa kwenye miteremko iliyokatwa miti. Tarehe 4 Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji, tope na mawe viliua watu zaidi ya 400. Mto ukigeuka ghafla kuwa tope na matawi, pandeni juu bila kusubiri mizigo.

Nawaomba wakuu wa shule na kamati za wazazi: darasa la mbao na mabati halimkingi mtoto bila paratonere, yaani fimbo ya chuma ya kupokea radi juu ya paa, yenye waya unaofika ardhini. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akipigwa, mguseni. Mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, mmoja aite watu, mwingine aanze mara moja kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mpaka msaada ufike.