Kujaza povu bomba la komposito: faida iko wapi?

Hapa Tanga, ambako mkonge umekuwapo tangu Richard Hindorf alipouleta pwani hii mwaka 1893, mafundi wanaoniona nikifinyanga mabomba ya komposito, yaani ya singa za mkonge zilizoshikwa na resini (gundi inayoganda ikawa ngumu), ya kumeza kishindo cha mgongano wa gari, huniuliza kama kuyajaza povu gumu kutawalinda zaidi abiria gari linapogonga. Jibu linategemea kinachopimwa.

Gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya kilojuli 96 hivi, ambayo ni lazima iishie mahali fulani. Bomba la chuma huimeza kwa kujikunja, ilhali la komposito huimeza kwa kuvunjika: tabaka huachana, nyuzi hukatika, na vipande husuguana na kile kinacholiponda. Ili uvunjikaji huo uanzie ukingoni na kushuka taratibu, mimi huuchonga ukingo wa juu mshazari wa digrii 45. Pasipo mshazari huo, nguvu hupanda ghafla, kisha ukuta huweza kukatika katikati, na bomba zima likawa halifai kitu.

Tuchukue mfano wa bomba la faiba lenye kipenyo cha nje cha milimita 50 na ukuta wa milimita 3, linalopondeka milimita 80 kwa nguvu ya wastani ya kilonewtoni 40. Limemeza kilojuli 3.2, na kwa kuwa sehemu iliyopondeka ina gramu 67 hivi, hiyo ni sawa na kilojuli 48 kwa kila kilo. Tukilijaza povu la poliurethani la kilo 200 kwa mita ya ujazo, linalopondeka kwa mgandamizo wa megapaskali 3, nishati hufika karibu kilojuli 3.6, lakini povu limeongeza gramu 24, na kiwango kwa kila kilo kimeshuka hadi 39. Isitoshe, povu huvizuia vipande visijikunje kwa ndani, navyo husukuma ukuta nje hadi bomba dhaifu lipasuke kwa urefu wake. Povu likishashindiliwa sana hugeuka gumu, na nguvu inayomfikia abiria hupanda upya.

Kwa mkonge mambo hubadilika, nami ndipo ninapoliona povu lina thamani yake. Singa hunyonya unyevu, resini haizishiki vizuri, na ukuta mwembamba huelekea kubonyea ndani kabla haujaanza kupondeka. Povu jepesi huushikilia kama udongo unavyozishika fito za nyumba, na husaidia pia bomba lisipinde linapogongwa kwa upande, jambo la kawaida barabarani.

Kwa hiyo mimi hupima mara tatu: bomba tupu, povu peke yake, kisha bomba lililojazwa. Nishati ya kipimo cha tatu ikilingana tu na jumla ya viwili vya kwanza, povu limebeba mzigo wake na si zaidi. Ikiizidi jumla hiyo, ukuta na povu vimesaidiana, na hapo ndipo ninapoanza kutafuta povu jepesi zaidi litakaloweza kazi ileile.