Kishale kiko wapi? Ukitaka kujua ndani ya skripti ya Bash, uliza teminali

Kuna swali huwa linarudi kila mara kwa vijana ninaowafundisha Linux hapa Kampala: skripti yangu inaandika asilimia za bekapu, nataka iandike pale pale ilipoanzia, sasa nitajuaje kishale (cursor) kiko mstari wa ngapi? Wanatafuta variabo ya Bash yenye hiyo namba na hawaipati, kwa sababu haipo. Sheli, yaani Bash, haijui kishale kiko wapi. Yenyewe inamwaga herufi tu, anayejua zimeangukia wapi ni teminali, na teminali, yaani lile dirisha unalochapia amri, ni programu nyingine kabisa, tena mara nyingi iko kwenye mashine nyingine.

Kwa hiyo unaiuliza. Unatuma herufi ya Esc, halafu [6n, nayo inajibu Esc, [, namba ya mstari, nukta mkato, namba ya safu, na mwisho R kubwa. Mambo haya ni ya tangu teminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, mwaka 1978, wakati sisi huku Uganda tulikuwa na shida zingine kabisa, na mpaka leo teminali karibu zote zinaigiza ile mashine.

Kwa Bash inatosha hivi:

IFS='[;' read -rs -t 2 -d R -p $'\e[6n' _ mstari safu </dev/tty 2>/dev/tty

Hapo -p ndiyo inatuma swali, -d R inasema soma mpaka ukutane na R, -s inazuia jibu lisichafue skrini, na IFS inakata jibu kwenye [ na ; ili namba ziingie kila moja mahali pake. Ile _ ya kwanza inameza Esc. Kuhusu </dev/tty na 2>/dev/tty, hizo zinaiunganisha read na teminali moja kwa moja, usizitoe hata kama inafanya kazi bila hizo, maana -p huandika kwenye njia ya makosa (stderr), na siku mtu akiendesha skripti yako na 2>makosa.log swali litaenda kukaa ndani ya faili, teminali haitasikia kitu, na skripti itangoja bure mpaka zile sekunde 2 za -t ziishe.

Sasa utamu wenyewe, na ndiyo sehemu watu hawaielewi: jibu linapita wapi? Linaingia kwa mlango wa kibodi. Teminali haina mlango mwingine wa kuongea na programu yako, kwa hiyo inajifanya kama wewe ndiye umechapa Esc[12;40R. Ni kama chenji kwenye taksi ya kutoka Old Taxi Park, nauli yako imepita mikono ya abiria mpaka kwa konda na chenji inarudi kwa mikono ile ile, ikiwa imechanganyika na ya wenzako. Mtumiaji akiwa amebonyeza vitufe kabla skripti haijauliza, vitufe vyake vitatangulia na wewe utavisoma ukidhani ni jibu, akiwa ameandika ls basi _ inapata ls na Esc pamoja, hiyo bahati, lakini akiandika kitu chenye nukta mkato namba zinahama zote. Kwa hiyo kabla ya kutumia $mstari hakikisha ni tarakimu tupu. Na kuna kichekesho kimoja, kwenye teminali ya xterm ukibonyeza Shift na F3 inatuma Esc[1;2R, yaani sawasawa na jibu la mstari wa 1 safu ya 2! Kwa teminali zinazokubali, uliza kwa [?6n badala ya [6n, jibu linakuja na alama ya kuuliza ndani yake na hapo hakuna kuchanganya.

Kama unaandika kwa sh ya kawaida, mfano dash, hakuna -s wala -d. Hapo unahifadhi hali ya teminali kwa stty -g, unaweka stty -icanon -echo min 0 time 5, unatuma swali kwa printf, unasoma kwa dd bs=32 count=1, kisha unarudisha hali ya zamani. Weka na trap ya kurudisha hali hiyo skripti ikikatwa, la sivyo mtu akikata katikati kwa Ctrl-C anabaki na teminali isiyoonyesha anachochapa, na atakupigia simu wewe.

Namba zinaanza 1, kona ya juu kushoto ni 1;1, lakini tput cup, amri ya kupeleka kishale mahali, inaanza 0. Ukitaka kurudi pale toa moja kila upande: tput cup $((mstari-1)) $((safu-1)).

Halafu ssh, yaani ukiwa umeingia kwenye mashine ya mbali. Skripti iko kwenye seva Ulaya, teminali iko kwenye laptopu yako Ntinda, kila swali ni safari ya kwenda na kurudi. Safari ikiwa milisekunde 200, na wewe umeuliza ndani ya lupu ya mara 1000, hizo ni sekunde 200 za kungoja bure, banange! Uliza mara moja mwanzoni, mengine piga hesabu mwenyewe. Na kwenye cron, inayoendesha skripti yenyewe kwa ratiba, usiulize kabisa, huko hakuna teminali ya kukujibu.

Wengi mnaouliza hili swali wala hamhitaji namba. Kama unaandika asilimia kwenye mstari mmoja, \r inatosha, inarudisha kishale mwanzo wa mstari. Kama unataka kurudi mahali fulani, tput sc inahifadhi na tput rc inarudisha, bila kusubiri jibu la mtu. Ila angalia chini ya skrini: maandishi yakishapanda juu, mahali ulipohifadhi hapapandi nayo, na hata namba uliyoipata kwa [6n inakuwa imechacha vile vile. Mimi huwa nachapa kwanza mistari mitupu ninayoihitaji, skrini ipande yote itakavyopanda, narudi juu kwa tput cuu na idadi hiyo hiyo, halafu ndio nauliza.